Uhalisia Haukai kwa GPU

Kila nikiweka klipu ya simyuleta ya vita vya angani ya miaka ya themanini, wimbo ni ule ule. Ati "hiyo ni mistari tu." Ati "mlima unakaa kipande cha sambusa." Ati nitafute mashine ya maana nionyeshe watu kitu chenye uhalisia. Sawa. Leo najibu mara moja, na sitajibu kwa upole.

Nyinyi hamtaki uhalisia. Mnataka picha safi. Hivyo ni vitu viwili, na wanaouza GPU wanafurahi sana mkivichanganya.

Simyuleta ni gemu inayojaribu kukuweka kwa kazi ya mtu fulani. Ya vita vya angani inakuweka kwa kazi ya rubani wa ndege ya kivita. Haya niambie, kazi ya huyo rubani ni gani? Kutazama mawingu? Kuhesabu misumari kwa bawa? Kazi yake ni kuamua. Nikate kona saa hii ama ningoje? Nishuke nipate kasi ama nibaki juu? Mafuta yatanirudisha? Huyu wa mbele ni chambo, na mwenzake ameketi upande wa jua? Gemu ikikulazimisha kuamua hivyo, na ikikuadhibu vile anga ya ukweli ingekuadhibu, ina uhalisia hata kama adui ni pembetatu mbili zimeshikana. Isipokulazimisha, hiyo ni postikadi.

Hebu twende kwa hesabu, ju hapo ndipo story za jaba huishia.

Chukua Apple II. Prosesa yake ni 6502, inatembea karibu megahezi 1, yaani mizunguko milioni moja kwa sekunde. Inasikika mingi, sindio? Sasa taka fremu 4 tu kwa sekunde. Kila picha imepata mizunguko 250,000. Ndani ya hiyo bajeti ufute skrini, usome kibodi, uhesabu ndege yako imefika wapi, uhesabu adui amefika wapi, halafu uchore dunia nzima upya. Na 6502 haijui kuzidisha. Sifanyi utani. Ina amri ya kujumlisha na ya kutoa, ya kuzidisha haina. Ukitaka 7 mara 9 unaijenga mwenyewe kwa kujumlisha na kusukuma biti. Sasa shika nukta moja, tuseme kilele cha mlima. Kuizungusha kulingana na vile ndege yako imeinama ni kuzidisha mara 9. Nukta moja! Na kila kuzidisha kunakula zaidi ya mizunguko 100. Mlima una nukta kadhaa, uwanja wa kutua una zake, adui ana zake. Bajeti inaisha kama mshahara wa tarehe 5.

Hiyo ndiyo mashine Bruce Artwick alikuwa nayo. Alikuwa ameandika tasnifu yake Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1975 kuhusu kuonyesha safari ya ndege kwa kompyuta, kisha kampuni yake, subLOGIC, ikatoa FS1 Flight Simulator ya Apple II kuelekea 1980. Dunia yote ilikuwa miraba 36, sita kwa sita, na milima ya mistari pembeni. Na ndani kulikuwa na vita, British Ace: uko kwa ndege ya Vita vya Kwanza vya Dunia, unafukuzana na adui juu ya hiyo miraba.

Mnacheka miraba? Chekeni, halafu mpige hesabu hii. Ndege mbili za jeti, kila moja kilomita 900 kwa saa, zikija uso kwa uso zinakaribiana mita 500 kila sekunde. Kwa fremu 4, hiyo ni mita 125 kati ya picha moja na inayofuata. Adui ni nukta, halafu adui hayuko. Umepitwa na hukuona kitu. Sasa weka ndege za 1917, za mbao na kitambaa, kilomita 160 kwa saa. Uso kwa uso ni karibu mita 89 kwa sekunde, kumaanisha mita 22 hivi kwa kila fremu. Hapo binadamu anaweza kulenga. Vita vya polepole vinakaa vizuri kwa mashine ya polepole.

Ndio maana huwa nakataa ule mjadala wa kuweka kasi ya mashine upande huu na uhalisia upande ule, ati uchague moja. Kasi yenyewe ni sehemu ya uhalisia. Rubani anaona, anaamua, anavuta usukani, ndege inajibu, anaona tena. Huo mzunguko ukikatwa katikati na fremu inayochelewa, hesabu zako za ndani zinaweza kuwa safi kama za chuo cha marubani na bado umenidanganya, ju umenipa ndege ambayo hakuna mtu duniani amewahi kuipeperusha: ndege inayokufa robo sekunde na kufufuka.

Na hapa nawageukia wazee wa retro pia, msidhani mmepona. Nyinyi mnaosema kila kitu cha zamani kilikuwa dhahabu, hapana. Kuna simyuleta za enzi hizo zilikuwa takataka. Adui anazunguka duara moja kama ng'ombe wa kinu, unangoja tu apite. Kwa hilo kuna kisa kinachojulikana sana. Mwaka 1982 huko Las Vegas, Bill Stealey, aliyekuwa rubani wa jeshi la anga la Marekani, alikaa kwa mashine ya gemu ya Red Baron, ile ya kuweka sarafu. Akacheza vizuri. Akaja mwenzake wa kazini, mtu wa programu, Sid Meier, akamshinda vibaya. Rubani wa ukweli ameshindwa na mtu wa kibodi! Meier akaeleza kwamba alikuwa amesoma mpangilio wa vile adui wanakuja, na akasema anaweza kutengeneza gemu bora kuliko hiyo. Mwaka huo huo wakaanzisha MicroProse.

Ukitafakari hicho kisa utaona kina somo. Ile mashine ya sarafu ilikuwa na vifaa ambavyo kompyuta ya nyumbani haingegusa, na ilichora haraka. Lakini ujuzi wa rubani haukuwa na thamani ndani yake. Kitu kilichohitajika ni kukariri. Ukitaka kujua kama simyuleta ina uhalisia, muulize mtu anayejua kazi kama kujua kwake kumemsaidia. Kama hakujamsaidia, picha ziwe safi namna gani, ni sarakasi.

Sasa nije kwa kile kitu mnaoshabikia picha hamjawahi kuambiwa. Ukweli mkubwa kabisa wa vita vya angani ni bei rahisi kwa kompyuta.

Miaka ya sitini, afisa wa jeshi la anga la Marekani anayeitwa John Boyd, akishirikiana na mwanahisabati Thomas Christie, alipeleka mapigano ya ndege kwa hesabu ya nishati. Chukua msukumo wa injini, toa ukinzani wa hewa, zidisha kwa kasi, gawanya kwa uzito. Jibu linakuambia ndege yako, sekunde hiyo, ina uwezo gani wa kupanda ama kuongeza kasi. Basi.

Kwa lugha ya mtaa: kimo ni M-Shwari, kasi ni pesa ya mkononi. Ukishuka, unatoa akiba unapata kasi. Muulize dereva yeyote wa lori anayeteremka Mai Mahiu. Ukipanda, unarudisha kwa akiba. Kila kona kali ni matumizi, ju ukikaza kona ukinzani wa hewa unapanda. Ukitumia mpaka ziishe, mabawa yanaacha kushika hewa, pua inaanguka, na huku juu hakuna Fuliza. Aliyebaki na akiba anakuja kukumaliza taratibu.

Sasa tazama hiyo hesabu tena. Kutoa mara moja, kuzidisha mara moja, kugawanya mara moja. Vitu kama ukinzani unaweka kwa jedwali la namba tayari, unasoma tu. Hiyo ni kazi ndogo kuliko kuzungusha nukta moja ya mlima. Kompyuta ya 1984 inaiweza na inabaki na nafasi. Kitu kinachomaliza mashine ni uchoraji. Kwa hivyo mtu akikuambia gemu za zamani hazingeweza kuwa na uhalisia kwa sababu mashine zilikuwa dhaifu, amekugeuzia mambo juu chini. Mashine dhaifu zilishindwa na mapambo. Kiini ziliweza.

Ndio sababu Waingereza wa Digital Integration waliweza kutoa Fighter Pilot mwaka 1983 kwa ZX Spectrum, kamashine ka kilobaiti 48. Picha moja ya simu yako haiwezi kutoshea hapo hata kwa nguvu. Na bado ndani kulikuwa na F-15, ala za rubani, uwanja wa kutua na adui. Mwaka 1985 wakaleta Tomahawk, helikopta ya Apache, kwa mashine hiyo hiyo.

Mfano wangu wa kufunga mdomo ni F-19 Stealth Fighter ya MicroProse, toleo la PC la 1988. Ndege yenyewe haikuwepo. Watu walijua tu Marekani ina ndege ya siri inayojificha kwa rada, wakabuni jina na umbo. Novemba 1988 jeshi la Marekani likaonyesha picha ya ndege halisi, F-117, na haikufanana na ile ya gemu hata kidogo. Ya gemu ina mikunjo laini, ya kweli ni bapa na pembe kama jiwe lililochongwa kwa panga. Kwa sheria yenu nyinyi, gemu imekufa hapo. Umbo ni uongo, jina ni uongo.

Sasa icheze. Kuna kipimo kwa dashibodi kinakuonyesha unavyoonekana kwa rada, na nguvu ya rada inayokutafuta. Ukienda juu, unaonekana. Ukiongeza kasi, unaonekana. Ukifungua mlango wa mabomu, unaonekana zaidi, kwa hivyo unafungua dakika ya mwisho na kufunga haraka. Unakaa na ramani unapanga njia katikati ya vituo vya rada, unapita chini, taa zimezimwa, roho mkononi. Kuna hata kiwango cha Vita Baridi, ambapo kuonekana tu ni kosa. Hiyo ndiyo kazi ya kujificha angani. Walikosea ndege wakapatia kazi. Na kuna gemu za leo ambazo zimepatia kila skurubu ya ndege, halafu zikakupa makombora yasiyoisha. Nani anadanganya hapo?

Sitaki mtu aseme nachukia picha. Picha ikichaguliwa vizuri ni silaha. Mwaka 1988 Amiga ilipata F/A-18 Interceptor. Prosesa ya Amiga, 68000, ilikuwa megahezi 7 hivi na ilijua kuzidisha. Unaona tofauti? Poligoni zilizojazwa rangi, San Francisco chini yako, unapita chini ya daraja la Golden Gate na mashine haikwami. Tabia ya ndege ilirahisishwa, sawa, lakini walichagua wakatumia pesa yao kwa hisia ya kasi, na ukirudi kutua kwa manowari unaelewa kwa nini.

Halafu kuna Hellcats Over the Pacific ya Macintosh, 1991. Wenzao wa PC walikuwa wanachora pikseli 320 kwa 200. Hawa walichora 640 kwa 480, rangi 256, na ndege inateleza. Siri yao? Angalia Pasifiki: bluu juu, bluu chini. Sehemu kubwa ya fremu mpya inafanana na fremu iliyopita. Kwa hivyo wakachora tu pikseli zilizobadilika. Hawakununua kitu. Walitazama bahari vizuri.

Sasa geuka upande wa pili, wale wa "uhalisia kamili", wanaodhani ukiongeza swichi na hesabu bila kikomo utafika. Falcon 3.0 ya Spectrum HoloByte ilitoka 1991 na ilikuwa mnyama. Ilikuwa na tabia ya ndege ya kiwango cha juu iliyotaka chipu ya ziada ya hesabu kando ya prosesa. Ilikula karibu memori yote ya kawaida ya DOS, ile ya kilobaiti 640, mpaka watu wakawa wanahariri faili za kuwashia kompyuta ili iingie. Na ilitoka na hitilafu nyingi zikarekebishwa baadaye. Naiheshimu, vita vyake vilikuwa vinaendelea hata pale ambapo wewe haupo, na hiyo ilikuwa noma. Lakini ukiiwasha kwa mashine isiyoiweza, unapata hesabu za kweli ndani ya mwendo wa uongo. Turudi kwa ile mita 125. Adui anaruka kutoka fremu hadi fremu na wewe unajivunia chipu.

Mwaka mmoja kabla yake, Red Baron ya Dynamix (usiichanganye na ile ya sarafu) ilifanya kitu cha heshima sana. Ilikuwekea ukurasa wa uhalisia wenye vitu vya kuchagua kimoja kimoja: risasi ziishe ama zisiishe, bunduki ikwame ama isikwame, jua likupofushe ama lisikupofushe. Wale watu walisema ukweli ambao wauzaji wa leo wanaficha. Uhalisia ni orodha. Kuna mtu alikaa akachagua nini kiingie na nini kibaki nje.

Na ukishaelewa ni orodha, unaanza kuuliza swali gumu zaidi: nani aliiandika, na nani hakuandikwa?

F-19 inakupa maeneo ya vita, na mojawapo ni Libya. Miaka miwili kabla ya gemu, Aprili 1986, ndege za Marekani zilipiga Tripoli na Benghazi kweli kweli, na watu wakafa. Kwa gemu, Libya ni jangwa, rada, virusha makombora na majengo ya kulengwa. Mafuta yako yanahesabiwa. Kila bomu lako linahesabiwa. Watu wa chini hawapo hata kama nukta moja. Na usiniambie ni kwa sababu ya memori. Nukta ni bei rahisi, tumeona. Rada ilipata nafasi ju iliweza kumuua rubani. Mwananchi wa Benghazi hakupata ju hangemfanyia rubani kitu. Huo ni uhalisia wa mtu mmoja, aliye juu. Sisi tunaocheza tukiwa bara hili tunafaa kuona hilo haraka kuliko wengine.

Je, GPU mpya imerekebisha hilo? Leo mji unachorwa hadi dirisha, vumbi linapaa vizuri, moshi una kivuli, na bado nyuma ya madirisha hakuna mtu. Miaka karibu 40 ya nguvu za mashine imeenda kwa moshi. Kama tatizo lilikuwa mashine, si lingeisha?

Hii story inanikereketa kwa sababu moja. Kuna wasee wengi sana wa rika letu hapa Kenya wanaotaka kutengeneza gemu, ama simyuleta, ama hata video za maana kuhusu hivi vitu, na wamekaa. Wanangoja. Wana laptopu ya ex-UK yenye betri inayokaa nusu saa, na wameaminishwa kwamba ukweli unaanzia kwa kadi ya bei ya kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Kwa hivyo idea nzuri inalala kwa notibuku mpaka mashine ipatikane, na mashine haipatikani. Wakati huo hiyo laptopu yao dhaifu ina nguvu ambayo Artwick hangeota. Inaweza kuendesha hesabu ya Boyd mara milioni kwa sekunde bila feni kulia.

Kitu kinachokosekana ni uamuzi: kazi gani unataka mtu aihisi, na nini utaacha nje ili aihisi? Simyuleta ya bodaboda usiku kwa mvua haihitaji kila tone la maji. Inahitaji breki inayochelewa, taa ya lori inayokupofusha, na abiria anayekuharakisha. Chora mistari. Weka hizo tatu sawa. Nitaicheza.

Na nyinyi wa "mistari tu", nawapa kazi ya nyumbani. DOSBox inaendesha gemu za DOS kwa karibu kompyuta yoyote iliyo hapo kwenu. Tafuta F-19, soma ramani, chagua Libya, usiku, na uende urudi bila kuonekana. Ukipigwa kombora kwa sababu ulipanda juu kutafuta mandhari, usirudi hapa kuniambia picha zilikuwa mbaya.